Nyoka wa Mpira na Aibu Iliyopotea Njia

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hutajwa kila penye mjadala wa filamu za Kihindi zilizotengenezwa vibaya, na anayeitaja hudhani amekwisha kuhukumu. Lakini Kilindoni, mji mkuu wa Wilaya ya Mafia, kibaya hakijitembezi hata kidogo, hufuatwa. Hufuatwa usiku, hutazamwa mpaka mwisho pamoja na nyimbo zake zote, na asubuhi hukanwa.

Anayekana aghalabu si mvuvi wala mpanda minazi. Hao hutazama wakasema wametazama. Anayekana ni mtu wa vitabu: mwalimu, karani, mwandishi, msomaji wa magazeti. Yeye hukaa mbele ya filamu ambayo nyoka wake ni wa mpira, ambayo ndevu za jambazi zinabanduka shavuni, na ambayo wapenzi waliokuwa wakisemezana katika uchochoro wa Mumbai huibuka ghafla juu ya milima ya theluji ya Uswisi, wamebadili nguo mara tatu kabla kibwagizo hakijarudi. Humcheka nyoka, humlilia mama kipofu, na wimbo wa pili unapoanza hunong'ona maneno ya lugha asiyoijua. Kesho yake akiulizwa, husema alikuwa akipita tu, au watoto ndio waliokuwa wakitazama. Hakuna apitaye njia kwa muda wa saa tatu.

Hoja ya makala haya ni fupi. Aibu hiyo ina haki ya kuwapo, ila imeshuka bandari isiyo yake. Watu wanaona haya kwa nyoka wa mpira, jambo lisilo na madhara kwa yeyote, kisha hawaoni haya hata chembe kwa mambo mengine yaliyomo katika filamu zilezile, ambayo yana madhara. Wala maneno haya hayamhusu anayejiepusha na filamu hizo kwa sababu ya dini yake. Huyo ana hoja, anaijua, na anaishi nayo. Yanamhusu anayetazama na kukana.

Kwanza yafaa ikumbukwe kwamba aibu hii haina umri mrefu. Mjini Unguja jumba la Royal, lililokuja kuitwa Majestic, lilifunguliwa mwaka 1921, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia filamu za Bombay ndizo zilizowavuta watu kwa makundi katika miji ya pwani. Awaara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 na Mother India ya Mehboob Khan ya mwaka 1957 zilikuwa mazungumzo ya mabarazani na jikoni. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameeleza kwa kirefu namna watu wa miji ya Tanzania walivyozifanya sinema kuwa sehemu ya maisha yao: familia zilivaa, zilinukia, zilikata tikiti na kwenda. Hapakuwa na aliyejificha. Kwenda sinema ilikuwa alama ya ustaarabu, na machozi yaliyomwagwa humo yalikuwa halali.

Kisha katika miaka ya 1980 zikaja kanda za video. Filamu zikatoka katika majumba yenye viti vya mto, zikaingia katika mabanda yenye mabenchi, shuka dirishani na jenereta nyuma ya ukuta. Hapo ndipo visiwa na miji midogo iliyokuwa mbali na majumba makubwa ilipopata sehemu yake. Na hapo ndipo aibu ilipozaliwa. Filamu haikubadilika, Awaara ni ileile. Aliyeitazama Majestic aliitwa muungwana, na anayeitazama bandani huitwa mhuni. Kama kipimo cha ubovu wa filamu ni aina ya kiti alichokalia mtazamaji, basi hiyo si tahakiki ya sanaa bali ni ubaguzi wa mabenchi.

Mtu wa vitabu atajibu kwamba yeye hajali mabenchi. Anachojali ni ukweli: filamu hizi hazifanani na maisha. Watu hawaimbi wanapofuatwa na majambazi. Ndugu waliopoteana utotoni hawatambuani kwa wimbo. Damu haipandi juu.

Naam, damu. Mwaka 1977 Manmohan Desai alitoa Amar Akbar Anthony. Ndugu watatu waliotengana utotoni, mmoja amelelewa katika Uhindu, wa pili katika Uislamu, wa tatu katika Ukristo, wamelala vitanda vitatu hospitalini wakimtolea damu mwanamke mmoja kwa wakati mmoja, bila ya kujua kwamba ndiye mama yao. Mipira inatoka katika mikono mitatu, damu inapanda hadi chupa moja, inachanganyika, inashuka kwa mgonjwa. Muuguzi yeyote atasema kwamba hivyo sivyo damu itolewavyo. Lakini filamu hiyo ilitoka miaka 30 tu baada ya Bara Hindi kugawanywa mwaka 1947, mgawanyo uliomwaga damu ya watu wa dini mbalimbali mitaani na ndani ya magari moshi. Desai alichukua damu ileile akaipandisha katika chupa moja. Anayeona hapo kosa la utabibu peke yake hana budi ajiulize ni nani kati yao, yeye au mvuvi aliyekaa kando yake akilia, aliyeielewa filamu.

Na tuhuma hii ya kutofanana na maisha, je, mtu wa pwani anaweza kuitoa bila ya kujikata ulimi? Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, aliouandika Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa amefungwa gerezani. Mama yake anampelekea mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake. Walinzi, kwa ulafi wao, wanakula vyakula vizuri na kumwachia mfungwa wishwa wake. Kisha inapigwa ngoma ya gungu, watu wanaimba na kucheza, na katika kishindo hicho Liyongo anakata minyororo. Wimbo na dansi katikati ya hatari, na mama anayeokoa: nini zaidi kinachotakiwa ili iwe filamu ya Bombay? Hatimaye shujaa anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe wa kumzaa, anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta upinde na kufa hivyohivyo, na mji mzima unakaa kwa kiu kwa kumwogopa maiti. Kama maiti huyo angeonekana katika filamu, mtu wa vitabu angecheka. Kwa kuwa yumo katika utenzi, anamwandikia tasnifu.

Mafia yenyewe ina yake. Katika kisiwa cha Juani yapo magofu ya Kua, na hekaya inayosimuliwa juu ya mji huo na jirani yake Kisimani yatisha kuliko filamu yoyote ya kisasi. Watu wa Kisimani walijenga chombo, wakawaalika wa Kua karamuni, na siku ya kukishusha wakawakamata watoto wa Kua, wakawalaza mchangani na kukipitisha chombo juu yao. Kua walinyamaza kwa miaka. Kisha wakawaalika Kisimani arusini, katika chumba cha chini ya nyumba. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja hadi akabaki mzee mmoja wa kuwazungumza wageni, na mlango ukajengwa kwa mawe. Nani amewahi kuuliza ilikuwaje wageni wasitambue kwamba wenyeji wanapungua? Hakuna, kwa sababu hekaya haikuja kueleza ujenzi wa milango. Imekuja kueleza kwamba kisasi humla pia anayekilipa, na kwamba ili mlango ufungwe, yule mzee alikubali kubaki ndani.

Basi kutofanana na maisha si ubovu. Lakini polemiki isiyoona ukweli wa upande wa pili ni kelele, na ukweli ni kwamba filamu mbovu zipo, tena tele. Gunda ya Kanti Shah ya mwaka 1998, yenye Mithun Chakraborty, ina majambazi wanaojitambulisha kwa maneno yenye vina. Vina vimetimia, lakini maana ni matusi, na matukio yameunganishwa kama kiraka juu ya kiraka. Jaani Dushman ya mwaka 2002 ilikusanya nyota wengi wa wakati wake ili wauawe mmoja baada ya mwingine na nyoka wa kompyuta anayegeuka mtu. Na Ram Gopal Varma Ki Aag ya mwaka 2007 ilijaribu kuirudia Sholay ya mwaka 1975, ikamchukua Amitabh Bachchan, aliyekuwa mmoja wa mashujaa wa filamu ya kwanza, ikamfanya jambazi. Haikukosa fedha wala nyota, ilikosa roho.

Hapa ndipo pa kupambanua. Fundi wa vyombo wa Jibondo au Chole hahukumu ubao kwa fundo lake. Fundo ni umbile la mti, na chombo chenye mafundo husafiri hadi Nyamisati na kurudi. Anachokitafuta fundi ni ufa unaovuja, hata uwe mwembamba namna gani, hata uwe umepakwa rangi nzuri namna gani. Usione vyaelea, vimeundwa. Na vinavyozama navyo viliundwa, pengine kwa ustadi mkubwa wa macho. Nyoka wa mpira ni fundo. Ndevu za gundi ni fundo. Ufa ni kitu kingine.

Ufa ni shujaa anayemfuata msichana shuleni, sokoni na nyumbani, anamzibia njia, anamwimbia mbele ya watu, anapokataliwa anazidisha, na mwisho msichana anacheka na kukubali. Ufa ni msichana aliyevaa apendavyo akafundishwa adabu hadi avae sari, kama ilivyo katika Purab Aur Paschim ya mwaka 1970, kisha ndipo anastahili kuolewa. Ufa ni mtu mweusi wa rangi anayewekwa kwenye filamu ili achekwe. Mambo haya yamejaa katika filamu zilizotengenezwa vibaya, na yamejaa vilevile, tena kwa umbo lililosafishwa, katika filamu zilizotengenezwa vizuri.

Mfano wa karibu ni Kabir Singh ya mwaka 2019. Picha zake ni safi, muziki wake ni mtamu, mwigizaji wake mkuu anajua kazi. Daktari kijana anamwona mwanafunzi mpya, anatangaza chuoni kwamba huyo ni wake, anambusu bila ya idhini, baadaye anampiga kofi, na filamu inamalizika kwa ndoa na furaha. Iliingiza fedha nyingi sana. Walikuwapo India walioilaani, na walisema kweli. Lakini mtu wa vitabu anayekana kuwa alitazama filamu ya nyoka haikani hii. Ataitaja kwa jina, atasifu uigizaji. Sasa iwekwe kando ya Jaani Dushman, ambayo kila mtu anaicheka. Humo vijana wa chuo wanamvamia msichana mwenzao, msichana anajiua, na nyoka mpenzi wake anarudi kuwadai wote, mpaka waliowatetea wakosaji kwa ajili ya urafiki. Kama filamu, ni fujo. Lakini katika fujo hiyo uovu umeitwa uovu, na umepata malipo. Katika ile nyingine uovu umeitwa mapenzi, na umepata mahari.

Ipi kati ya hizo inastahili kufichwa chini ya godoro?

Jambo hili si la anasa. Kijana anayecheka nyoka wa mpira yu salama mbele ya nyoka huyo, kwa maana kicheko ni ngao. Anajua kwamba anadanganywa. Kijana anayemtazama stelingi aliyepigwa picha vizuri akimzibia msichana njia hana ngao. Anajifunza kwamba "sitaki" ni ubeti wa kwanza wa wimbo. Na njia anayoweza kuizibia haiko Mumbai; iko kati ya shule na nyumbani, Kirongwe au Baleni, na msichana aliyemo njiani ni binti wa mtu. Ndiyo maana yafaa watazamaji waone haya. Lakini wamekwisha kuzitumia haya zao zote kwa nyoka.

Yupo mtu mmoja ambaye angeweza kuziba ufa huo, naye ndiye anayedharauliwa kuliko wote: mtafsiri wa bandani. Dar es Salaam ilimjua Lufufu, jina la kazi la Captain Derek Mukandala, ambaye sauti yake ilisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili hadi watu wakanunua kanda kwa ajili ya sauti kuliko picha. Kenya inamjua DJ Afro; Uganda inamjua VJ Jingo. Kazi yao hudhaniwa kuwa porojo. Kwa hakika ni tafsiri katika maana yake nzito. Mtafsiri wa bandani humpa jambazi jina la mtaani, humwonya shujaa asigeuke, hueleza desturi ya arusi ya Kihindi kwa mfano wa arusi ya hapa, na nyoka wa mpira akitokea humcheka kabla watu hawajamcheka. Ana uwezo pia wa kumwambia shujaa, mbele ya watazamaji wote, kwamba kofi lile si mapenzi. Wapo wanaofanya hivyo. Wapo pia wanaolishangilia kofi na kuliongezea matusi, na hao waambiwe bila ya kubembelezwa kwamba wanaharibu kazi iliyo tukufu. Lakini nani atawaambia, ikiwa wenye elimu ya lugha wanakana kuwa waliwahi kuwasikia?

Itasemwa kwamba kanda zile aghalabu zilinakiliwa bila ya idhini. Ni kweli, Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na jasho la mtu ni jasho lake. Kosa la kunakili litajwe kuwa kosa. Lakini dharau dhidi ya mtafsiri haitoki katika sheria. Mwaka 1929 ilitoka Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya riwaya ya Rider Haggard. Humo mna mchawi wa kike mwenye umri usiohesabika, mna Wazungu watatu wanaowatisha wenyeji kwa kutabiri kupatwa, na mna meno ya bandia ya mmoja wao yanayoonekana kuwa muujiza. Haya ni mambo ya nyoka wa mpira, tena yenye ufa mpana wa ukoloni. Hata hivyo tafsiri hiyo ilisomwa shuleni na kuheshimiwa, na haikukosea kuheshimiwa kwa Kiswahili chake. Kwa mizani hiyohiyo, kauli za mtafsiri wa bandani nazo zipimwe kwa Kiswahili chake, zihifadhiwe, zisifiwe zinapostahili na zikaripiwe zinapostahili.

Mtu asidhani kwamba pwani ilimeza filamu za Kihindi bila ya kutafuna. Waimbaji waliwatangulia watu wa vitabu katika kuchagua. Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayaimbia mashairi ya Kiswahili, yakiwemo ya binamu yake Ahmad Nassir, mtunzi wa Malenga wa Mvita. Tuni ikachukuliwa, kisa kikaachwa. Mahali pa kilio cha kigeni likawekwa wazo la Mvita, lenye vina na mizani. Huo ndio uhakiki wa kweli: mkono unaochambua mchele na kutupa chuya. Na hata katika siku hizi za simu, kijana wa Kimaasai Kili Paul, pamoja na dadake Neema, walipoanza mwaka 2021 kuigiza nyimbo za Kihindi kwa midomo wakiwa wamevaa mavazi ya kwao, hawakuficha kwamba wanazipenda. Na Februari 2022 ubalozi wa India jijini Dar es Salaam ukamtunukia Kili heshima. Wasioona haya ndio waliopata cha kusema.

Simu, hata hivyo, imeleta hatari mpya. Bandani mtu alicheka pamoja na wengine, akabishana nao njiani, na kofi la stelingi lilipata angalau mama mmoja au kijana mmoja wa kulilaani kwa sauti. Simu hutazamwa peke yake, chini ya shuka, na sikioni kuna waya. Hapo kukana kumekuwa rahisi kabisa, maana hakuna shahidi. Na mabishano, ambayo ndiyo shule ya mtazamaji, hayapo. Filamu mbovu iliyotazamwa na watu hamsini ni mchezo. Filamu hiyohiyo iliyotazamwa na mmoja asiyethubutu kuitaja ni sumu iliyofungwa kopo.

Kwa hiyo lawama hii imwendee anayestahiki. Haimwendei anayependa filamu mbovu; kuipenda si dhambi ya sanaa, na anayesema hajawahi kufurahia kitu kilichotengenezwa vibaya amesahau nyimbo alizobembelezewa. Inamwendea mwenye ulimi anayeufunga. Yeye ndiye anayeweza kusimama barazani na kusema: nyoka alikuwa wa mpira, na haidhuru, damu ilipanda juu, na ilistahili kupanda, lakini yule msichana alisema hapana mara saba, na filamu haikumsikia. Maneno hayo matatu yanahitaji mtu akiri kwanza kwamba alitazama. Asipokiri, hana haki ya kuhukumu, na watoto wake watahukumu bila yeye, kwa kipimo cha picha safi na muziki mtamu.

Kukana ni kujinyang'anya ushahidi. Kisiwa kilichohifadhi hekaya ya Kua, pamoja na ukatili wake wote, kwa sababu wazee hawakuona haya kuisimulia, kisikose leo wa kusema alichokiona jana usiku.